Nilisema Nguo Zake Ni za Maiti

Mimi ndiye niliyemfukuza Mama Zubeda sokoni Kakamega. Si askari wa kanjo, si wezi, si biashara kuwa mbaya kama mlivyoambiwa. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Haya, nimesema!

Na kabla hujaanza kunihurumia, acha. Siandiki nihurumiwe. Naandika kwa sababu nimechoka kuwasikia wanawake wakiulizana kanisani kwetu mjini alikwenda wapi, nami niko papo hapo naitikia, "Sijui dada, hata mimi nashangaa." Mwongo mkubwa mimi!

Mimi ni mnene. Sisemi "nimejaliwa", sisemi "nina mwili wa mama". Ni mnene, na mguu wangu ni namba arobaini na tatu. Nyinyi wembamba hamjui lolote. Ukiingia duka la nguo mjini, mwenye duka anatikisa kichwa hata hujafungua mdomo. Ukienda kwa fundi, anakuzungushia futi kiunoni halafu anawaita wenzake waje waone. Mmoja aliniambia mbele ya wateja, "Mama, wewe reta kitambaa ya watu wawili, harafu tuongee." Wakacheka mpaka cherehani zikasimama.

Viatu ndiyo usiseme. Niliolewa kanisani nimevaa viatu vya kaka yangu, vyeusi vya kamba, gauni nikaliteremsha likafagia vumbi ili visionekane. Na nikipita karibu na stendi, vijana wa mikokoteni wanapiga kelele, "Pisheni, trela ya miwa inapita!" Watu wanacheka. Na wewe umecheka sasa hivi, usinidanganye.

Ndipo akaja Mama Zubeda.

Alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Mumias, mwembamba, mpole, muuza mitumba. Wenzake wakifungua robota la nguo walikuwa wakizitupa zile kubwa pembeni, au wanawauzia mafundi wazikate vipande. Yeye alizitoa moja moja, akazipiga pasi ya makaa, akazikunja ndani ya gunia safi chini ya meza. Ukifika hakuulizi namba yako kwa sauti. Anakusalimu, anakuuliza watoto wameamkaje, kisha anasema, "Pita ndani kidogo, kuna kitu nimekuwekea."

Huko ndani alikuwa ametundika leso mbili, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Hakuna aliyekuchungulia. Siku ya kwanza nilipovaa gauni likanikaa mabegani na kiunoni kama watu wengine, nililia. Akanipa kitambaa nijifute.

"Usilie, dada," akaniambia. "Hukuwa na kosa lolote. Nguo ndiyo ilikuwa haijafika."

Hata viatu alinitafutia. Mchuchumio wa namba yangu, jamani! Sikujua kama kuna mtu duniani anavitengeneza. Nikaanza kwenda kazini na visigino. Mimi ni karani wa kupiga chapa katika ofisi fulani mjini, na bosi wangu alianza kuniita "madam".

Tukawa marafiki. Alasiri moja mvua ilitufungia nyuma ya zile leso, tukanywa chai ya tangawizi kutoka thamosi yake. Akaniambia jambo. Kwamba kwao Mumias yeye ni mmoja wa wanawake wanaoitwa mwanamke Mwislamu akifariki, wakamwoshe na kumvisha sanda. Alisema ni ibada, na kila akiifanya anarudi nyumbani moyo umetulia.

"Lakini hapa sokoni sisemi," akasema. "Watu wa huku wanaogopa maiti sana. Wataanza kuniogopa mimi na nguo zangu. Nimekwambia wewe tu, wallahi."

Nikamwapia kwamba litabaki pale pale.

Sasa msikilize ujinga wangu. Mume wangu ana dada, tumwite Jerida. Ni mwalimu huko Iguhu, ni mnene kama mimi, mguu wetu ni mmoja. Nilimwonea huruma akienda shuleni na sandaki za mumewe, vile viatu vya plastiki, nikampeleka mwenyewe kwa Mama Zubeda. Kwa mkono wangu! Tangu hapo miili ikawa miwili na gunia ni moja.

Jerida ana mdomo wa asali. Anajua kusifu, anajua kubeba zawadi ya ndizi. Nikifika sokoni nakuta blauzi nzuri imeshakwenda Iguhu. Nikimwona Jumapili huko Iguhu amevaa, watu wanamzunguka, "Mwalimu, umetoka kweli!" Mimi niliyemwonyesha njia nimesimama pembeni. Wivu uliniingia, na sitautafutia jina jingine.

Kisha harusi ikatangazwa. Shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mume wangu, alikuwa anaoa. Nikaenda mbio kwa Mama Zubeda. Na siku hiyo hiyo alikuwa amefungua robota, na humo mlikuwa na suti ya kike ya rangi ya damu ya mzee. Koti lina mabega ya kusimama, sketi ina marinda, kitambaa kizito kinachoteleza mkononi. Na viatu vya rangi ile ile, vya visigino. Namba yangu! Nikavua vyangu papo hapo.

"Hiyo samahani, dada," akasema Mama Zubeda. "Mwalimu alikuja mapema akaniomba suti ya harusi. Nilimwahidi ya kwanza itakayotoka. Yako nitakutafutia, usiwe na wasiwasi."

"Mimi si nilikuja kwako mbele yake?"

"Ulikuja mbele. Lakini hii aliiomba yeye, na nimeshasema ndiyo."

Nikamwambia anauza urafiki kwa ndizi. Nikaondoka nimefura, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu.

Jumamosi iliyofuata wanawake wa ukoo tulikusanyika kwa mama mkwe, Iguhu, kuchambua mchele wa harusi. Jerida alikuwa anasimulia suti yake, jinsi alivyoupandisha upindo wa sketi mwenyewe kwa sindano. Nikasubiri amalize.

"Jerida, hiyo suti umeinusa?"

"Inanuka dawa kidogo. Si zote zinanukanga hivyo?"

"Dawa gani? Wewe umewahi kuingia mochari?"

Mikono ikasimama kwenye mchele. Nikaona wananisikiliza, nikanogewa. Nikawaambia wajiulize, mzungu mwenye akili atupe suti nzima isiyo na doa kwa nini? Nikasema zile nguo zinavuliwa maiti, zinapuliziwa dawa, zinafungwa robota. Na zile kubwa ndizo za kuogopa zaidi, maana huko kwao wanene ndio hufa haraka. Nilisema hivyo mimi, mnene, nimevaa gauni la Mama Zubeda!

Na bado sikutosheka. "Huyo mama mwenyewe kazi yake kule Mumias ni kuosha maiti," nikasema. "Aliniambia kwa mdomo wake. Mtu kama huyo ataogopa nini?"

Kwetu nguo za marehemu zina utaratibu. Zinakaa mpaka siku yake, watu wananyolewa, ndugu wanagawana, na kila mmoja anajua amechukua ya nani. Lakini kuvaa nguo ya maiti usiyemjua, tena harusini, ukamkumbatie bibi harusi nayo? Huko ni kuita kifo kwa jina. Nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana nililisema.

Jerida aliinuka ghafla, ungo wa mchele ukamwagika. Mama mkwe akawa anasema tu, "Yesu, Yesu."

Siku ya soko nilifika mapema, nikajifanya nachagua blauzi. Jerida akaja na mfuko, na wanawake wa kanisa lao la Iguhu nyuma yake.

"Shika maiti yako!" akapiga kelele. Akaitupa suti na viatu chini, mbele ya kibanda.

"Mwalimu, kuna nini?" Mama Zubeda akauliza.

"Unaoshanga maiti ama hauoshi? Sema hapa watu wasikie!"

Angesema hapana, yangeisha. Lakini yule mama hakuwa na uongo. "Ninaosha," akasema. "Ni ibada. Na nguo hizi zinahusikaje?"

Basi! Hakuna aliyesikia lile la pili. Ile "ninaosha" ilizunguka soko lote kabla ya adhuhuri. Wanawake walioshika nguo waliziachilia. Mmoja alipangusa mikono kwenye majani.

Mama Zubeda akageuka, akanitazama mimi. Alikuwa hajamwambia mtu mwingine, na mimi nilijua, naye alijua ninajua. Nikainamia blauzi ile nikawa nahesabu vifungo vyake.

Watu walipotawanyika suti ilikuwa bado chini. Akaiokota, akaikung'uta vumbi, akanisogezea pamoja na viatu.

"Chukua," akasema. "Si ndiyo ulikuwa unaitaka?"

Hapo ndipo ningepiga magoti. Hapo ndipo ningemkimbilia Jerida nimrudishe. Mnajua nilifanya nini? Nilichukua! Nikaitia kwenye kikapu, nikaifunika na sukuma wiki, na nikasema asante. Shetani mwenyewe angeona haya.

Nikabadilisha vifungo. Nikamwambia mume wangu nimeshonewa Kisumu. Nikafika harusini kifua mbele, nasikia macho ya watu mgongoni, nikafurahi. Bibi harusi alikuwa anateremka garini kwa mama mkwe, wanawake wanaimba, nami nikapenya mbele kumkumbatia.

Mkono ukanidaka sketi kwa nyuma. Jerida.

"Huu upindo niliushona na mkono yangu!" akapaza sauti. "Mama, kuja uone! Hii ni ile suti!"

Nyimbo zikafa. Mama mkwe akaja, akasimama kati yangu na bibi harusi.

"Wewe uritwambia hii nguo ni ya maiti," akasema. "Wewe mwenyewe, kwa nyumba yangu."

"Nilidanganya, Mama. Si ya maiti. Nilikuwa na wivu tu."

"Unadanganya saa hii, ama uridanganya ire siku?"

Ukweli nilikuwa nimeutoa, wa kwanza tangu mambo yaanze, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuamini! Mume wangu alikuja akasimama karibu na mama yake, si karibu nami. Akasema polepole, "Ulituambia inaleta kifo. Ukaivaa ukuje kushika bibi ya ndugu yangu. Sasa ulikuwa unataka nani akufe?"

Wanawake waliniingiza jikoni, wakanivua, wakanifunga leso mbili ambazo hazikufika nyuma. Suti wakaichoma na viatu vyake nyuma ya boma la ng'ombe. Nikakaa juu ya kuni miguu mitupu, nasikia harusi inaendelea. Sahani za obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, zilipita mlangoni zikienda kwa wageni, na hakuna aliyeniletea hata mfupa.

Siku hizi mama mkwe akija mjini hanywi chai kwangu. Bibi harusi ana mtoto sasa, na nikiingia anamfunika leso usoni na kumpeleka chumba kingine. Sijawahi kumpakata. Mume wangu yuko, lakini akila kwangu huanza kwa kunitazama nionje. Wananiita mchawi, na kamba ya kunifunga niliisokota mwenyewe.

Na Mama Zubeda? Alikaa kwenye kile kibanda siku za soko chache, nguo zimepigwa pasi, hakuna mteja. Kisha akatandua leso zake. Mahali pale sasa wanauza sufuria.

Nilimfuata Mumias. Nilivaa gauni lake la kwanza, sijui nilifikiri litanisaidia nini. Binti yake alinikaribisha kwa salamu nzuri, akaniuliza jina, akaingia ndani. Nilimsikia mama akicheka na mtu, sauti yake ile ile. Kisha kicheko kikakatika. Binti akarudi ameinamisha macho.

"Mama anasema mwenye kibanda alishakufa," akaniambia, "na nguo zake watu wameshagawana."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Nikasimama pale uani mpaka kuku wakanizoea.

Basi wewe unayesoma, kama una wivu na mwenzako, kaa nao. Ulale nao, uamke nao, uutukane, lakini usiupe maneno. Uongo ukishatoka, siku unataka kuurudisha watakwambia sasa ndiyo unadanganya. Na siri uliyopewa nyuma ya pazia, uzikwe nayo!

Na nyinyi wanene wenzangu wa Kakamega, mnaochekwa kwa fundi, mnaoingia kanisani na viatu vya waume zenu. Mlikuwa na mahali pa kuvalia mkiwa mmefichwa na mkiheshimiwa. Nilipavunja mimi. Nami navaa viatu vya mume wangu, ninakaa nanyi kiti kimoja, na mnasogea nipate nafasi, bila kujua ni mimi.

Ukinitambua, usinisalimu.