Nilivyomfuata Mbogo Bariadi

Niliondoka kijijini kwetu Zagayu kwa sababu moja. Mzee, mume wangu, alikuwa hawezi kukojoa, tumbo limevimba, na nesi wa zahanati amesema apelekwe hospitali Bariadi bila kuchelewa. Gari tulikuwa nalo, Landrova ya zamani. Mzee aliinunua kwa ng'ombe, akaipa jina la dume lake, Mbogo. Aliiongezea springi ikasimama juu, bomba la moshi akalipandisha mpaka paani lisinywe maji ya mto, na nyuma akafunga ubao wenye ngozi ya ng'ombe. Wagonjwa wa kijiji walilalia ubao huo. Lakini Mbogo alikuwa mjini. Mwanangu Masanja alimpeleka gereji, akasema anamtengeneza.

Asubuhi lilipita lori la wanunuzi wa pamba, hawa waliokuja baada ya biashara ya pamba kufunguliwa kwa watu binafsi. Dereva alikataa kumlaza mgonjwa juu ya pamba, eti ataichafua. Mimi akanipa nafasi mbele.

Bariadi, gereji. Nilimpita Mbogo bila kumtambua. Alikuwa mwekundu, ameshushwa mpaka karibu alambe ardhi, rimu zinang'aa, vioo vyeusi. Ndani viti laini, na palipokuwa na ubao pamewekwa spika.

Masanja alitoka akicheka, akanisalimu mama yake kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu. Umemwonaje?"

Nikamuuliza baba yake atalala wapi. Alisema siku hizi gari ni la harusi na la wenye pesa, na lile la baba watu walikuwa wanalicheka.

Fundi akadakia. "Mama, lile bomba la paani lilikuwa kama jiko la pombe. Sasa hili ni gari ya watu."

"Na ubao wangu?"

"Tulichemshia chai."

Nikamwambia Masanja, "Baba yako anakufa. Washa."

Mchana, njiani. Kwenye barabara ya changarawe tulikwenda vizuri, nakiri. Tulipofika mtoni karibu na nyumbani, maji yalikuwa yamekauka, mchanga mtupu. Mbogo alikuwa anaupita mchanga ule miaka yote. Safari hii tumbo lake lilikaa chini, matairi yakazunguka bure. Masanja akachimba kwa mikono. Nikamwacha, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Jioni majirani walifunga maksai kwenye mkokoteni, tukamlaza mzee juu ya majani. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena. Tulipovuka mtoni alisikia injini ikilia.

"Huyo si Mbogo?"

"Hapana," nikasema. "Ni gari la mtu wa mjini."

"Sauti ni yake." Akapumua. "Lakini Mbogo hapa hakwami."

Masanja alisikia. Alizima injini, akabaki ameinama na mchanga mikononi.

Mzee hakufika hospitali. Alikata roho kabla hatujaona taa za Bariadi.

Kurudi. Maksai walewale walimvuta Mbogo kutoka mchangani. Masanja akaomba baba yake apande humo, aende nyumbani na gari lake. Tulijaribu. Mwili haukuenea popote, viti vilizuia. Basi mkokoteni ukatangulia, gari likafuata nyuma polepole likiumulika.

Nilichojifunza ni kidogo, na hakinisaidii kitu. Nilidhani mwanangu anaiona gari ileile niliyokuwa naiona mimi. Sasa imesimama uani, bado inang'aa. Kuku ndio wanaolala kwenye vile viti.