Nati za Kushoto za Ambrose Wakoli

Mume wangu, Ambrose Wakoli, hakuwa mlevi. Naanza hapo kwa sababu wanaomsema siku hizi huko Kawangware huanza hapo hapo, ila wao husema kinyume. Wanadai alikuwa amelewa siku gurudumu la trela ya Pasta Kitheka lilipochomoka njiani kwenda Kitui, mwaka wa 2019. Mimi nilikuwapo, wao hawakuwapo. Nimefundisha hapa Kibera miaka ishirini na sita, na tofauti ya kuona na kusikia naijua.

Wakoli alitoka Bungoma na cheti chake cha kuchomelea vyuma akafungua karakana Kawangware, kituo cha 46. Mageti mengi mnayofunga huko ni kazi yake. Hata la yule mama wa duka anayesema mikono ya mume wangu ilikuwa ikitetemeka. Geti hilo lina miaka kumi na sita na halijalegea bawaba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alioga kabla ya kula, na kinywaji chake kilikuwa chai ya maziwa, ambayo nilimpikia mimi.

Kitheka alitaka nyumba ya kukokotwa nyuma ya pikapu yake, ili azunguke Ukambani kwa mikutano ya injili bila kuomba watu malazi. Wakoli aliijenga kwa miezi minne: vitanda viwili, sinki, tangi la maji chini ya sakafu, yote juu ya ekseli ya lori kuukuu. Ekseli za aina hiyo zina tabia yake. Nati za gurudumu la kulia hukazwa kama nati yoyote. Za kushoto hukazwa kinyume, spana ikielekea kushoto, na kila boliti ya upande huo imegongwa herufi L kichwani. Wakoli alimwonyesha Kitheka herufi hiyo mbele yangu.

"Hii L ni ya nini, fundi?" Kitheka aliuliza. "Gurudumu langu bado linajifunza kuendesha?"

Waliokuja naye wakacheka.

"Ni ya left, Pasta. Ukikaza huku, unazungusha kinyume. Ukisahau, unafungua."

"Sawa, nimeshika."

Hakuwa ameshika kitu.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda kwa wakwe zake, upande wa pili wa Wamunyu. Alitualika mimi na mume wangu. Alihitaji fundi karibu lakini hakutaka kusema hivyo, kwa hiyo akatuita wageni. Kufika Machakos, taa za nyuma zilikuwa zimezima. Wakoli alilala chini ya trela akiwa na shati lake la kanisani, akakuta waya umesuguliwa na chuma, akaufunga. Tulipopita Wamunyu, maji yakaanza kumwagika chini ya mlango. Bomba la sinki lilikuwa limepasuka. Tukaegesha kando ya barabara, Wakoli akaingia ndani na kisu na kipande cha mpira wa maji.

Mimi nilikaa kwenye jiwe, upande wa kushoto wa trela. Kitheka hakuweza kutulia. Alichukua spana kubwa na kuanza kugusa nati.

"Pasta, mwache Baba Valary amalize," nikamwambia, nikimtaja mume wangu kwa jina la mtoto wetu. "Ataziangalia mwenyewe."

"Mama Valary, hata sisi tumebadilisha magurudumu. Hii si hesabu za darasani."

Alipanda juu ya mkono wa spana kwa uzito wake wote, akielekea kulia. Kila nati ililia na kusogea kidogo, naye akadhani imeingia. Alifanya hivyo kwa zote sita, kisha akajipangusa mikono kama mtu aliyefanya kazi. Bomba lilipozibwa tulipanda pikapu tukaondoka, nami ile L sikuikumbuka.

Hatukumaliza kilomita tano. Gurudumu lilitupita dirishani, likavuka shamba na kugonga ghala la mahindi la mtu. Trela ilikaa kwenye ekseli yake, cheche zikiruka. Hakuna aliyeumia. Vijana wa bodaboda walifika kabla hatujashuka.

"Fundi, nyumba yako imechoka kutembea?" mmoja akauliza.

Wakoli alishika zile boliti moja baada ya nyingine. Nyuzi zake, ile mistari inayoshika nati, nyingi zilikuwa nzima, hazikukatika. Nati zilikuwa zimefunguka. Akamtazama Kitheka. Kitheka akamvuta kando, nami nikasikia.

"Wakoli, wakwe zangu wale wanakuja. Usiniaibishe hapa."

Wazee wa ukweni walipofika na kuuliza kilichotokea, mume wangu alisema, "Ni mimi. Nilisahau kukaza." Kwao Bungoma, mtu haaibishwi mbele ya wakwe zake, hata kama amestahili. Kisha alirudi nyuma kwa miguu, macho barabarani, hadi akapata nati nne. Za kulia hazingeweza kuingia upande ule. Kwa hizo nne alitufikisha, tukienda polepole kuliko ng'ombe.

Kosa lake lilikuwa hilo tu, sentensi moja ya adabu. Kutoka "nilisahau" watu walifika "alikuwa amelewa", na kazi zikapungua. Alikufa miaka mitatu baadaye kwa figo. Hakuwahi kujitetea.

Mwezi uliopita Kitheka alisimama madhabahuni akasema, "Marehemu Wakoli alipoonja kidogo, gurudumu lilitutangulia Kitui." Kanisa likacheka. Nilimsubiri mlangoni.

"Jumapili ijayo utasema ni nani aliyeshika spana," nikamwambia.

"Mama Valary, ule ni mzaha tu. Na marehemu mwenyewe alikubali, mbele ya mashahidi."

"Alikubali kusahau. Pombe umeiongeza wewe."

"Basi tumwachie Mungu."

"Mungu alikuwapo, Pasta. Kanisa halikuwapo. Liambie."

Jumapili ilifika, akahubiri juu ya msamaha. Kwa hiyo nimesema mimi, nikiwa na akili zangu, na jina langu liko chini ya karatasi hii. Kuna wanaonisimamisha Soko la Toi wakitaka kujua na mengine ya Kitheka, na kama nitahama kanisa, na kama nitamshtaki. Sitawajibu. Nimemaliza.

Lenah Wakoli, Kianda