Namba ya Pikipiki ya Wichian

Kwa miaka kumi na tisa Orathai aliandika habari za ajali katika gazeti dogo la mjini Phichit, na alijua fika kinachomvuta msomaji. Si marehemu, ni namba ya gari lake. Watu waliruka jina, wakaruka na kilio cha mjane, wakaidaka namba na kukimbilia tiketi yenye tarakimu hizo ya bahati nasibu, ile inayochezeshwa kila mwezi tarehe mosi na kumi na sita. Waliamini aliyekufa ghafla huacha bahati nyuma. Usiwacheke, pengine nawe ungeisoma hiyo namba kwanza.

Siku moja alimkuta mtu akipaka poda mlango wa gari lililopondeka ili tarakimu za bahati zijitokeze, na damu haijakauka. Tangu hapo Orathai hakuandika namba tena.

"Dada, utatuua njaa!" alifoka mhariri wake, Prasoet. "Nani atasoma?"

"Asome mwenye utu."

Tarehe kumi na tatu aliandika habari ya Wichian, fundi redio wa miaka arobaini na mmoja, aliyegongwa na lori la miwa akiwa kwenye pikipiki yake. Mistari sita tu. Kesho yake mama wa marehemu, Bi Lamduan, akaingia ofisini na nguo zake nyeusi.

"Wewe ndiye uliyemwandika mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

"Mbona hukuweka namba?"

Orathai alibabaika. "Nilimstahi, mama."

"Ulimstahi! Jana watawa walimsomea sala, tuliokuwepo ni mimi, dada yangu na mbwa wa hekaluni. Wichian hakuwa na mke wala rafiki. Weka namba, mwanangu. Waje."

Akaiweka, tena kwenye kichwa cha habari, huku aibu ikimtafuna.

Tarehe kumi na tano ukumbi wa hekalu ulifurika. Watu walichoma uvumba, wakapiga magoti mbele ya jeneza na kunong'ona shida zao.

"Bibi, alizaliwa tarehe ngapi?"

"Nyumba yenu namba ngapi?"

Bi Lamduan alimjibu kila mmoja kwa furaha, akagawa uji wa mchele mpaka sufuria likakwanguliwa.

"Umeona?" akamwambia Orathai. "Kumbe mwanangu alipendwa."

Orathai akainamia bakuli lake.

Tarehe kumi na sita bahati nasibu ikachezeshwa. Haikutoka hata tarakimu moja ya Wichian.

Siku iliyofuata ndiyo ya kuchoma maiti, na Bi Lamduan alikuwa amepika masufuria matatu. Orathai alikuta viti vimepangwa safu kumi, na waliokaa ni vikongwe wawili. Mbwa alilala chini ya kiti.

"Wamechelewa," alisema Bi Lamduan, macho kwenye lango. "Barabarani kuna foleni, eti?"

"Foleni kubwa, mama," Orathai alisema. Akapokea bakuli, akalimaliza, akaomba la pili.