Majina Yaliyo Chini ya Dawati

Jumatatu, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, Twahira Aboud anaingia chumba cha kidato cha nne akiwa na ufagio mkono mmoja na kipande cha karatasi mkono wa pili. Karatasi imetoka ofisini. Kazi yake ni moja: jina likiandikwa humo, dawati la mwenye jina litolewe darasani na kupelekwa stoo.

Leo jina ni moja. Zainab Idarus.

Twahira anaketi kidogo kwenye dawati hilo, mstari wa tatu, karibu na dirisha. Kisha analigeuza juu chini ili alibebe kichwani. Chini ya mbao, kwa mkaa, pameandikwa jina jingine: Mariam Sharif, Kudha. Ni mwanafunzi aliyeondolewa mwaka jana. Mwaka mzima Zainab amekuwa akilikalia jina la mwenzake asijue.

Anatoka nalo, anaipita stoo, na mlango wa stoo u wazi. Anakwenda hadi langoni, analitua chini ya ubao mkubwa wa bluu ambao kila apitaye barabarani huusoma: ASILIMIA 96 YA WATAHINIWA WETU WAMEFAULU.

"Likae hapa hapa," anasema, akijifuta jasho kwa ncha ya leso. "Huu ubao umekula watoto. Basi na tuone mifupa."

Haya, sikilizeni hesabu, maana ubao hausemi uongo, husema nusu. Mwaka jana kidato cha nne kilianza na wanafunzi 112. Siku ya mtihani Twahira alipanga madawati 74. Waliofaulu ni 71. Ukigawa 71 kwa 74 unapata asilimia 96, unapaka rangi, unatundika langoni. Ukigawa kwa wale 112 walioanza, unapata asilimia 63. Hiyo hakuna aliyeinunulia rangi.

Na hao 38 walioondolewa kabla ya mtihani ni nani? Kumi na saba walikuwa watoto wa visiwani, Wabajuni wa Chula, Kudha na vijiji vya Burgao. Kumi na sita walitoka kambi za waliohama makwao, pembezoni mwa mji. Watano tu walikuwa wa mitaa yenye majumba ya mawe. Visiwa vilikuwa na wanafunzi ishirini darasani. Walioketi kwenye mtihani walikuwa watatu.

Shule hii ni ya umma, iko katikati ya Kismayo, na gazeti hili halitaitaja jina, kwa sababu Twahira bado anakula kwayo. Analipwa dola themanini kwa mwezi, zikiingia kwenye simu, na mara nyingi zinaingia mwezi ukishapita. Kwa fedha hiyo anafagia vyumba kumi na vinne, anachota maji, anapiga kengele na kubeba madawati. Ana umri wa miaka arobaini na sita.

Alizaliwa Chula. Vita vilipovunja nchi mwaka 1991 alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wazazi wake walimpakia chomboni na ndugu yake Idarus hadi kambi ya wakimbizi Mombasa. Huko alisoma mpaka darasa la saba. Kambi ilipofungwa waliambiwa warudi kwao. Waliporudi kwao waliambiwa hawa ni Wakenya.

"Kule tuliitwa Wasomali, huku tunaitwa Wakenya," anasema. "Bahari ndiyo haijatuuliza kitambulisho."

Darasa lile la saba ndilo limemponza, kwa maana ndilo lililompa kuandika. Miaka sita iliyopita, alipoanza kubeba madawati, aliona yakienda stoo na kurudi mwaka unaofuata yakiwa na watoto wengine, na hakuna mtu aliyekumbuka yalikuwa ya nani. Akachukua mkaa wa jikoni. Tangu hapo kila anayeondolewa anaandikwa chini ya dawati lake, jina na alikotoka. Ofisi ina daftari, nalo likijaa hufungwa likasahauliwa. La Twahira halifungiki, limekaliwa.

Sasa tuje kwenye kosa la watoto hawa. Hawakuiba, hawakupigana. Kosa lao ni Jumamosi.

Shuleni, Jumamosi ni mwanzo wa wiki na ndiyo siku ya kuita majina. Asiyekuwapo Jumamosi tatu bila barua yenye muhuri, jina lake halipelekwi kwenye mtihani. Kwa mtoto anayelala mita mia mbili kutoka langoni, ni sheria nyepesi.

Mtoto wa kisiwani hulala kwa jamaa, na jamaa wenyewe wanabana. Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo Alhamisi, kengele ya mwisho ikilia, watoto hupanda boti kwenda kwao kuchukua samaki wakavu, unga na nazi, ili wiki ijayo wakae kwa watu bila kuona haya. Ijumaa hurudi. Lakini Chula boti haitoki kabla ya sala ya Ijumaa. Haijapata kutoka, na nahodha atakayeitoa hatapata abiria tena. Sala inakwisha saa saba.

Wiki za bamvua, maji makubwa, hapana neno. Maji yanajaa alasiri, boti inaelea, magharibi watoto wamefika mjini. Wiki za maji mafu ndizo zenye shida. Maji hujaa kidogo tu, saa nne au saa tano asubuhi, imamu akiwa hajapanda mimbari. Watu wakitoka msikitini boti imekaa mchangani. Maji mengine ni ya usiku, na baada ya magharibi bandari haipokei boti ndogo, amri ya usalama. Basi wanangoja maji ya Jumamosi, saa tano na kitu, na wanatia mguu Kismayo saa tisa. Shule imefungwa tangu saa sita u nusu.

Hiyo ni karibu kila juma la pili. Mtoto wa Chula asipokuwa na bahati, Jumamosi tatu zinakwisha kabla ya miezi miwili.

Na barua je? Barua yataka muhuri wa ofisi ya serikali ya anakotoka mtoto. Chula haina ofisi. Tangu Twahira arudi wamekwenda wageni wa kila namna kupiga picha na kuahidi ofisi, zahanati na shule ya sekondari. Picha zimekwenda, lakini za ahadi, hata jiwe la msingi halijaonekana.

Mwaka huu Twahira alijaribu kuwa mwerevu, na anasema werevu huo ndio unaomnyima usingizi. Mwanzo wa muhula alikaa na kalenda ya mwezi mwandamo, akahesabu kama alivyofundishwa na babake: mwezi ukiwa na siku nane hadi kumi ni maji mafu, na tena siku ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Akaandika kwenye karatasi safi kila Ijumaa ya muhula itakayoangukia humo, akampelekea makamu wa mwalimu mkuu. Alitaka Jumamosi zile watoto waitwe majina alasiri, au Jumapili.

Makamu aliisoma karatasi akaikunja. Twahira anayakumbuka maneno yake yote. "Mama Twahira, kumbe mnajua tangu sasa siku ambazo watoto wenu hawatakuja? Basi hiyo si dharura. Huo ni mpango."

Karatasi ikatiwa kwenye faili la utoro. Watoto wanane waliokuwa wakisamehewa hapo nyuma kwa kuhurumiwa hawakusamehewa tena.

"Kwetu kujua maji ni akili," anasema Twahira. "Kwake ni ushahidi wa wizi. Mimi ndiye niliyempa kisu mkononi."

Zainab ni mtoto wa Idarus, ndugu yake wa tumbo moja. Anaishi kwa shangazi yake huyu, na katika mtihani wa majaribio alikuwa wa nne kati ya wote waliosalia. Alikuwa amekwisha kosa Jumamosi mbili. Shangazi akamwekea amri: hakuna kwenda Chula mpaka mtihani uishe, tutakula ugali kwa chumvi.

Kisha Idarus akafariki, homa ya siku tano, kisiwani pasipo na daktari. Arubaini yake iliangukia Ijumaa iliyopita. Mwezi wa siku tisa. Maji mafu.

Twahira alimwendea makamu siku ya Jumatano, akamweleza kwamba mtoto anakwenda kusomewa baba yake hitima. Akaambiwa alete barua yenye muhuri. Basi waligawana. Zainab akaenda kumlilia baba yake. Shangazi akabaki mjini, akakosa arubaini ya ndugu yake, ili Jumamosi jina likiitwa awepo mtu wa kusema. Jina liliitwa. Alisema. Hakuna aliyeandika alichosema.

Zainab alifika saa tisa akiwa na mkoba wa samaki, akamkuta shangazi yake langoni. Hakuuliza. Alisema tu, "Shangazi, wamekusalimu wote. Wameuliza mbona hukuja."

Makamu amezungumza na gazeti hili kwa sharti la kutotajwa jina. Alisema sheria ni moja kwa wote, kwamba shule hupimwa kwa asilimia, na kwamba asilimia zikishuka wafadhili huondoka. Alipoulizwa kwa nini waliosalia wa visiwani mwaka jana walifaulu wote watatu, alisema hilo linaonyesha juhudi. Alipoulizwa basi tatizo ni akili au ni boti, alitazama saa yake.

Asubuhi hii ya Jumatatu makamu anafika saa moja, anakuta dawati langoni. Anaagiza liondolewe. Twahira anaendelea kufagia. Anaagiza mara ya pili, kwa Kisomali, kwa sauti ya kusikiwa na wazazi waliosimama na watoto wao, na anatia neno la dharau kuhusu "wala samaki", yaani watu wa visiwani.

Twahira anaegemeza ufagio ukutani. "Maalim," anasema, pole pole, kwa Kisomali hicho hicho, "mimi kazi yangu ni kutoa taka mahali ilipo. Hapa nimeitoa. Wewe sema ni ipi, dawati au ubao."

Mzee mmoja wa kambi, ambaye binti yake aliondolewa mwezi uliopita, anacheka puani. Kisha anauliza, huku akilishika dawati mguu, kama jina la bintiye nalo limo stoo. Limo. Madawati yaliyomo stoo mwaka huu ni ishirini na saba. Wanaingia yeye na Twahira, wanatoka na dawati. Mwanamke mmoja wa Kudha anafuata la mwanawe. Hadi kengele, ambayo leo imechelewa kwa sababu mpigaji ana shughuli, yamepangwa kumi na moja chini ya ubao, yamegeuzwa juu chini, majina yakitazama mbingu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Orodha ya watahiniwa inafungwa keshokutwa, Jumatano. Huenda jina la Zainab likarudi, huenda lisirudi. Huenda Twahira asiwe na kazi ifikapo Alhamisi. Ameshaambiwa apite ofisini.

Anasema hatapita leo, ana vyumba kumi na viwili havijafagiwa. Mpango wake ni mfupi. Mtihani ni mwezi ujao, na madawati ya mtihani hupangwa na yeye, alfajiri, peke yake, hakuna anayeyahesabu ila yeye.

"Wakinifukuza, watampata wa kufagia," anasema. "Wasiponifukuza, nitapanga yote mia na tisa tuliyoanza nayo mwaka huu. Msimamizi aingie aone matupu ni mangapi. Na la Zainab nitaliweka palepale, mstari wa tatu, dirishani. Akae mtoto, au ikae nafasi yake."

Anachukua kipande cha mkaa mfukoni, anakiangalia, anakirudisha. Chini ya dawati la Zainab, kando ya jina la Mariam, bado hajaandika kitu.