Limejaa

Kazini walimwita Nusu Tangi, na si kwa kumsifu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa msimamizi wa magari ya hospitali: manne ya petroli na mawili ya umeme. Kwake yeye mshale ukigusa nusu, tangi limekwisha. Dereva aliyerudi na nusu aligeuzwa pale pale getini aende akajaze. Madereva walinuna, wakamsema, wakamwigiza anavyotembea akipapasa boneti. Yeye hana habari. "Upepo ukikata umeme," aliwaambia, "pampu za mafuta nazo zinakufa. Mtanyonya petroli wapi?"

Redio ikitangaza dhoruba alikuwa mtu mwingine. Anayatoa magari chini ya miti, anayageuza yote yatazame barabara, anakagua madumu ya akiba kwenye kizimba cha chuma nyuma ya gereji, na petroli iliyokaa miezi mingi anaibadilisha. Ya umeme anayachomeka mapema, wakati wengine bado wanatazama mawingu. Kisha anapita na ubao na chaki mkononi, gari hadi gari, na swali moja: "Limejaa?" Miaka ishirini na zaidi ya petroli ilimkaa ulimini, hata la umeme aliliuliza hivyo hivyo. Madereva walikuwa wakicheka: "Limejaa nini, mzee? Abiria?"

Nyumbani alikuwa na sababu ya ukali wake. Dada alikuwa na mapafu mabovu. Alipumua kwa mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani, usiku na mchana, na mimi nilikuja kukaa nao ili nimwangalie wakati mumewe yuko kazini. Gari lao la umeme walilinunua kwa ajili hiyo. Lilikuwa na tundu la kutolea umeme: ukikatika wa nyumbani, unavuta waya mrefu kupitia dirishani, na gari linaendesha mashine siku nzima na zaidi. Sharti lilikuwa moja. Chaji ikishuka chini ya asilimia ishirini, gari linakata lenyewe, halitoi umeme tena. Shemeji aliniimbia hilo mpaka dada akawa anamwigiza sauti kutoka kitandani. "Mdogo wangu," aliniambia siku moja, "lile gari ni pafu langu la tatu. Usilichezee."

Nililichezea. Siku moja kabla ya dhoruba nilikwenda nalo kwa rafiki yangu upande wa pili wa mji, tukapiga soga hadi jioni, nikarudi nimechoka, sikulichomeka. Hilo peke yake lingesameheka.

Asubuhi yake shemeji aliondoka mapema kwa gari la kazini, akaniagiza nipakie vitu vya dada, endapo tungelazimika kuhama. Nikapakia kweli kweli: godoro, mito, dawa, nguo, madumu ya maji. Waya wa chaji ulikuwa kwenye buti, chini kabisa, na vyote hivyo nikavirundika juu yake. Saa tano akapiga simu. Nyuma yake nilisikia ving'ora na madereva wakipigiana kelele.

"Shem, gari limejaa?"

Nikachungulia dirishani. "Limejaa, shemeji! Hata sindano haipiti."

"Afadhali. Basi roho yangu imetulia, acha niendelee na huku."

Nimewasimulia watu mpaka hapa mara nyingi, nao hutikisa vichwa: maskini, neno moja tu. Sasa nasema kilichobaki. Kabla sijaiweka simu mezani nilishajua kwamba ameuliza chaji. Umeme ulikuwepo. Ulikuwepo kwa saa mbili nzima, na saa mbili za kuchaji zingetuvusha hadi kesho yake. Lakini mvua ilikuwa inapiga ya upande, waya uko chini ya godoro, na mimi nilikuwa nimekasirika: kila siku gari, gari, utadhani naishi na wakaguzi. Nikasema acha nimalize kupika kwanza. Nikapika. Nikala. Dada akaniuliza, "Umelichomeka?"

"Tulia, dada," nikamjibu. "Kila kitu tayari."

Umeme ulikatika saa saba. Mashine ikaanza kulia. Nikakimbia na waya mrefu hadi kwenye gari, kioo cha dashibodi kikaandika asilimia kumi na nne, na tundu halikutoa kitu. Nikamfungia dada mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, ule unaotosha saa moja tu, nikatupa mizigo nje, nikambeba hadi kiti cha mbele, tukaondoka kuelekea hospitali. Mtaa wa pili tu mti ulikuwa umelala barabarani pamoja na nguzo ya umeme na nyaya zake. Njia nyingine ilikuwa maji matupu. Tukarudi. Nikampigia shemeji nikilia, nikamwambia, "Nilidhani unauliza mizigo."

"Nakuja," akasema.

Alikuja na gari la petroli, tangi tele, mpaka kwenye ule mti. Hapo akaliacha, akajitwika mtungi begani, akaja kwa miguu. Mtungi wetu ulikuwa umekwisha dakika ishirini nyuma. Dada alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akanitazama, halafu mkono ukalegea. Shemeji aliingia amelowa chapachapa, akamvalisha barakoa mtu asiyepumua, akafungua koki, akaifungua zaidi. Ilibidi nimshike mikono.

Msibani alisema mbele ya watu wote: "Kosa ni langu. Nilimuuliza vibaya." Ilikuwa nafasi yangu ya kufungua kinywa. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani nalia.

Kazini amelipiga marufuku lile neno. Siku hizi dereva anataja mshale umefika wapi, au asilimia ngapi, na ubao unaandikwa hivyo. Mimi bado naishi kwake. Aliniomba nisiondoke, kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyebaki wa damu ya mkewe.

Jana redio ilitangaza upepo tena. Akapiga simu kutoka gereji.

"Shem, gari liko asilimia ngapi?"

Hakuna tena mtu wa mashine nyumbani kwetu. Nilitoka, nikasoma kwenye kioo. "Mia moja, shemeji."

"Nisamehe kukusumbua. Nataka tu niwe nauliza vizuri."

Nikamwambia haina shida.