Kitanda cha Njoroge

Naikumbuka Jumamosi moja pale Kinoo, mwanangu, nyanyangu aliponinyima chai mpaka nijibu swali lake. Kwetu hata mgeni asiyejulikana hanyimwi chai, sembuse mjukuu, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Lakini nimeanzia mwishoni, tabia ya wazee. Ndiyo, najiita mzee. Mtu ambaye watoto wake watatu wanavaa viatu vyake bila kuomba ameshazeeka, hata kama mvi bado ni chache. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati mwenye simu ya mkononi aliiweka mezani ili ionekane. Nilikuwa na kaka mmoja, Njoroge, kifungua mimba wa nyumba yetu. Alisomea uhasibu katika chuo kimoja katikati ya jiji, na alikaa Woodley kwa shangazi yetu, katika chumba kidogo nyuma ya nyumba. Wikendi alikuja Kinoo, akala githeri, yale mahindi na maharagwe ya Cucu, yaani huyo nyanya yetu mzaa baba, akatuchekesha sote, akarudi. Ukimuuliza habari, alisema poa. Akiwa mwaka wa pili, tuliletewa habari kwamba Njoroge amejiua.

Nalisema neno hilo waziwazi kwa sababu kwetu halikusemwa. Majirani waliambiwa ni malaria ya ghafla. Unajua matanga ya kwetu, jioni boma hujaa watu, nyimbo na sufuria za chai. Safari hiyo lango lilifungwa. Wazee wa ukoo walisema kifo cha namna ile ni mkosi, na kanisani wakasema jeneza lisiingizwe ndani. Tulimzika asubuhi, watu wachache, bila picha yake mbele, bila mtu kusimama kueleza alikuwa mtoto wa namna gani. Mimi nilitaka tu kusema kwamba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Sikupewa nafasi. Tulipofika nyumbani, baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akasema jina lile lisitajwe tena, na picha zake zikaondolewa ukutani.

Pembeni watu walinong'ona. Wengine walisema mitihani, wengine msichana, wengine pombe. Mimi sababu siijui mpaka leo, na sitajifanya naijua.

Mwaka uliofuata nikapata nafasi katika chuo hichohicho. Nilihitaji mahali pa kulala karibu na mji, na shangazi alikuwa na chumba. Jioni tulipolizungumza, kila mtu pale mezani alijua ni chumba cha nani. Hakuna aliyeweza kukipinga, maana kukipinga kungehitaji kutaja jina. Mama alikuwa na kijiko mkononi, akabaki akikitazama. Baba akasema, "Basi ataenda Woodley." Nikaenda. Kaka hakufia mle, lakini kitanda kilikuwa chake, blanketi lake, na koti lake lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango. Kosa kama hilo hufanywa na watu wanaopendana sana na waliokubaliana kunyamaza.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia. Shangazi aliniletea chakula, akakiweka, akaondoka haraka bila kulitazama lile koti. Asubuhi nilitembea Ngong Road mpaka mjini katikati ya watu wengi, kila mmoja na haraka zake, na sijawahi kuwa mpweke namna ile tena maishani. Darasani nilikuwa na rafiki, Mutiso, kijana wa Machakos, mwenye moyo mzuri.

"Sasa, uko poa?" aliniuliza siku moja.

"Niko fiti."

"Mbona unakonda hivi?"

"Ni masomo tu, buda."

Akanipiga bega, tukaingia darasani. Simlaumu. Alibisha hodi, mimi ndiye niliyekaa kimya ndani.

Mawazo ya kufa yalianza kunijia mchana kweupe, nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikiwa nafua soksi. Na sikuweza kumwambia mtu. Ningesemaje, nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu anachofanyiwa mtu wa namna hiyo, lango linafungwa, jina linafutwa? Watu hudhani aibu ni ukuta wa kumzuia mtu asife. Aibu haikumzuia kaka yangu. Mimi ilinizuia kusema.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, akiambua maharagwe mabichi. Chupa ya chai ilikuwa kando yake. Nilipoinyooshea mkono, akaisogeza nyuma ya kigoda.

"Chai ipo," alisema. "Kwanza nijibu. Gitau, unafikiria kufa kama ndugu yako?"

Tangu mazishi hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa ameniuliza lolote. Nilitazama maganda ya maharagwe miguuni pake. Nikasema, "Ndiyo, Cucu."

Hakupiga kelele. Hakuuliza watu watasema nini. Aliweka ungo chini, akanimiminia chai, akanishikisha kikombe kwa mikono yake yote miwili. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Woodley hutarudi kulala, na hutakaa peke yako." Kisha akaniacha niseme. Nilisema mpaka kivuli cha jikoni kikatufikia, na yeye alisikiliza tu, mara mojamoja akinifuta uso kwa pindo la leso yake, ingawa nilikuwa mwanamume mwenye ndevu.

Halafu akamwita baba.

"Njoroge lilikuwa jina la mume wangu kabla halijawa la mtoto wako," alimwambia. "Nani alikupa ruhusa ya kulizika?"

"Mama, tuliona aibu."

"Na kwa aibu hiyo mkamlaza huyu kwenye kitanda cha marehemu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kitanda ni cha nani. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio kimoja hakikuwatosha?"

 Wiki hiyo baba alinipeleka Woodley kwa pikapu kuchukua vitu vyangu. Nilikuwa nakunja blanketi alipotoa lile koti nyuma ya mlango, akakaa nalo kitandani. "Hili ni koti la Njoroge," alisema. "Nilimnunulia mimi." Kisha akalia, kwa mara ya kwanza, nami nikaketi kando yake nikalia pia. Koti tulirudi nalo Kinoo. Mama aliturudishia picha ukutani bila kumwomba mtu ruhusa.

Usidhani nilipona kwa kikombe kimoja cha chai. Cucu hakujidai daktari. Alimwamuru baba anipeleke hospitali, na huko nikapata mshauri ambaye nilimwendea kwa muda mrefu. Siku mbaya zilirudi, zikaenda, zikarudi tena zikiwa zimepungua nguvu. Nikamaliza chuo, nikaoa, nikapata watoto.

Desturi yetu waijua. Mwana wa kwanza hubeba jina la baba wa mume, wa pili la baba wa mke, wa tatu hurudisha jina la ndugu mkubwa wa baba. Alipozaliwa mwanangu wa tatu, wazee wawili walinijia taratibu wakanishauri niruke jina lile, nichukue la binamu. Cucu alikuwa anatembea kwa mkongojo siku hizo. Alimpakata yule mtoto, akamwita kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani. "Njoroge," akasema, "karibu nyumbani." Mtoto huyo ni wewe.

Kesho unaanza chuo, na ndiyo maana leo nimekueleza jina lako limetoka wapi. Halina mkosi. Ni la babu aliyelima shamba hili na la kijana aliyenifundisha baiskeli. Moyo ukikulemea, sema, hata kama sauti inatetemeka na maneno hayana mpango. Sema kwangu, kwa mama yako, kwa mshauri wa chuo, kwa daktari, kwa yeyote, na wa kwanza asiposikia mwendee wa pili. Rafiki yako akikonda na kujitenga, usiridhike na poa yake. Kaa naye, muulize kama anafikiria kufa. Swali hilo haliui. Mimi liliniweka hai. Na mimi nikikuuliza habari, Njoroge, usinijibu poa kama si poa. Lango la nyumba hii halitafungwa kwa ajili yako kamwe.

Cucu alipobariki alijitemea mate kidogo kifuani, kama walivyofanya wazee wake. Nami najitemea. Mungu akutangulie mjini, akupe watu wa kukusikiliza. Uishi, mwanangu. Uishi uzeeke, mpaka watoto wako wavae viatu vyako bila kuomba.