Magoti ya Mama

Mama alikuwa mwosha maiti kabla yangu. Aliiacha kazi hiyo mwaka nilioolewa, akisema magoti hayamruhusu tena kuinama, akanikabidhi mimi pamoja na sheria moja: unachokiona kwenye maiti, unakizika naye. Awe na alama, awe na kovu, umeona wewe na Mungu wako. Kisha akaongeza, "Na siku yangu ikifika utaniosha wewe. Sitaki mkono wa mtu mwingine." Nikaitikia upesi, maana wakati ule nilidhani mama ni mtu wa kuishi milele.

Niliosha miaka mingi bila tabu, kule Vihingo, nyumba zetu zilipokuwa zimetawanyika msituni, na hata baada ya kuhamishiwa kijijini tukapangwa safu kama mahindi. Sijui kama ni kule kuhama kulikoniharibu, au uchovu, au nini. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja, nimeshika kata ya kuchotea maji, mbele ya maiti ambaye habari zake sizisemi hata leo, moyo ulianza kunidunda kwa fujo. Pumzi ikawa fupi. Vidole vikafa ganzi. Nikajua, wala si kudhani, kwamba ninakufa palepale na wenzangu watalazimika kuosha wawili. Niliitupa kata nikatoka nje. Mwosha huoshwa, wahenga walisema, lakini hawakusema siku ileile.

Nilipopata nafuu nikasingizia moshi wa ubani. Hali ile ikarudi kwenye shamba la kijiji, ikarudi kwenye foleni ya sukari, ikarudi kisimani ambako hapakuwa na chochote ila mimi na ndoo. Mwisho nikawa naogopa kuogopa. Nikiitwa kwenye msiba nilisema sitaweza kuosha, niko kwenye siku zangu. Siku zangu zikawa nyingi mno mwaka ule, na mashoga zangu wakaanza kuhesabu na kucheka.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilikuwa nimezoea kuzika mambo. Niliuficha ugonjwa wangu kama nilivyoficha alama za maiti, nikasahau kwamba mwili huu ulikuwa wangu na ulikuwa bado unatembea. Mume wangu aliponikuta siku moja nimeng'ang'ania mwimo wa mlango, jasho linanitiririka, nilimwambia ni njaa. Hakuamini. Akaleta mganga wa pepo. Wakapiga ngoma, wakamla jogoo wangu mwekundu, pepo akaulizwa anataka nini. Mimi nilichotaka ni kulala.

Mdogo wangu aliyeolewa Kibaha, mtaa wa Tangini, ndiye aliyenivuta hospitali. Nilimkuta tabibu mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Nini kinakusumbua?"

Nikamwambia ni moyo. Akanipima kwa muda mrefu, mbele na mgongoni, akanipima na presha, kisha akasema moyo wangu ni mzima. Nikamuuliza, kama ni mzima, mbona unanikimbia? Alinitoa nje akaniambia nizunguke jengo mara mbili, mbio. Nilivua ndala, nikazunguka, watu wote wa foleni wakinitazama kama kichaa. Nikarudi nahema, moyo ukidunda vilevile kama siku ya maiti.

"Haya, umekufa?"

"Bado."

"Basi ni moyo uleule, na unadunda vilevile. Ungekuwa mbovu, usingekurudisha hapa. Hiyo ni hofu, mama. Ni kama mbwa anayebweka hata jani likianguka. Ukikimbia, atakufukuza. Wewe kaa, toa pumzi polepole, itoke ndefu kuliko ilivyoingia. Atachoka yeye." Kisha akauliza, "Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Mwambie mmoja. Dawa hiyo sina kabatini."

Nilirudi nyumbani nikafuata nusu ya maagizo. Pumzi niliitoa, na kweli ilisaidia, hali ile ikawa inakuja na kupita. Kusema sikusema. Na kuosha sikurudi.

Masika yaliyofuata mama alirudi kutoka kwenye mihogo yake na jembe begani, akalala, hakuinuka tena vizuri. Wiki ya pili alinishika mkono. "Unakumbuka," alisema, wala hakuuliza. Nikasema nakumbuka. Usiku ule sikulala kwa aibu. Nilimlilia mama kabla hajafa, na nilijililia mwenyewe zaidi.

Alipofariki tuliingia chumbani wanawake watatu: mimi, jirani yetu, na shangazi, dada wa baba, aliyewahi kuosha pamoja na mama zamani. Ufuo, lile shimo la kupokea maji, ulikuwa umekwisha chimbwa chini ya kitanda. Maji ya majani ya mkunazi yalikuwa tayari. Tulikuwa hatujamaliza kumtia udhu hali ile ikanijia. Moyo, pumzi, vidole, vyote kwa pamoja. Nikalitazama pazia la mlangoni. Miguu ilikwisha geuka.

"Shangazi," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "imenijia. Huwa inanijia. Naogopa."

Aliipokea kata mkononi mwangu. "Kaa chini, mwanangu. Maiti hana haraka."

Nilikaa sakafuni, bega langu likigusa kitanda cha mama. Nikatoa pumzi, nikatoa tena. Ilipanda, ikasimama juu muda ambao sitaki kuukumbuka, ikaanza kushuka. Jirani akatoka kuongeza maji. Hapo shangazi akasema taratibu, "Mama yako naye ilikuwa ikimjia. Mara mbili nilimtoa nje kwa mkono wangu. Akaniapisha nisimwambie mtu. Ndiyo maana akaacha."

"Aliacha kwa sababu ya magoti."

"Ndivyo alivyosema."

Nikainuka. Nikamwosha kichwa, nikamwosha ubavu wa kulia, polepole, shangazi akinimiminia. Nilipofika kwenye magoti niliyaosha kwa kupapasa, chini ya kanga iliyomsitiri. Yalikuwa magumu, makavu, magoti ya mtu aliyepiga magoti kwenye mihogo mpaka juzi. Hayakuwa na uvimbe wala ubovu. Nilimkasirikia sana. Kisha nikamwonea huruma, nikakumbuka siku zangu zile nyingi.

Nilimaliza kazi. Tangu siku ile nimeosha wengine wengi, na sasa nimechoka kweli, mikono inatetemeka kwa uzee tu. Sheria bado naishika, isipokuwa kwa jambo moja. Binti zangu wote wawili nimewaketisha nikawaambia: magoti ya bibi yenu yalikuwa mazima.